TOM MBOYA: MGENI ALIYECHAGULIWA NA WENYEJI

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Leo nataka kukusimulia, mpenzi msomaji, habari za mtu aliyecheza ugenini na bado akatuzwa. Jina lake unalijua. Kila jioni nikitoka shuleni nasikia makanga wakiliita kwa sauti ya juu, na abiria wanapanda matatu bila kukumbuka kwamba hilo ni jina la mtu aliyekuwa na baba na mama. Sisi wa Nairobi huambiana tukutane Tom Mboya. Hata mimi, hadi mwanzoni mwa mwaka huu, kwangu Tom Mboya ilikuwa barabara tu.

Kilichonifanya nimtafute vitabuni ni aibu. Muhula wa kwanza tulipiga kura darasani ili kumchagua kiranja. Wagombeaji walikuwa watatu. Mmoja wao ni mvulana aliyehamia kwetu kutoka mbali, na ndiye aliyekuwa akitufundisha hesabu wakati wa chakula cha mchana bila kuringa. Mimi ni mmoja wa wale aliowasaidia. Hata hivyo kura yangu sikumpa. Nilimpa mwingine kwa sababu moja tu, kwamba nyumbani tunazungumza lugha moja. Kumbe wengi walifanya vivyo hivyo! Yule wa hesabu akapata kura nne. Mwalimu wetu wa historia, ambaye ndiye aliyezihesabu, hakutugombeza. Alituuliza tu kama kuna anayejua Tom Mboya alichaguliwa na akina nani. Tukanyamaza kama maji mtungini.

Basi nilikwenda kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti mwaka wa 1930 katika shamba la mkonge karibu na Kilima Mbogo. Shamba hilo lilikuwa la jamii ya McMillan, jina lile lile unaloliona kwenye Maktaba ya McMillan jijini Nairobi. Baba yake, Leonard Ndiege, na mama yake, Marcella Awuor, walitoka mbali sana, kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria. Mzee Ndiege alifanya kazi shambani humo mpaka akawa nyapara. Kwa hivyo mtoto huyu alikuwa mgeni tangu siku alipozaliwa. Majirani zake walikuwa Wakamba na Wakikuyu, akacheza na watoto wao, akazijua lugha zao sawasawa na vile alivyoijua lugha ya wazazi wake. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba lugha hizo zingekuja kumfaa kuliko fedha.

Alianza masomo katika shule ya misheni ya Kabaa huko Ukambani. Mwaka wa 1942 akapelekwa St. Mary's Yala, upande wa Nyanza, na mwaka wa 1946 akaingia shule ya Mang'u. Hebu angalia hapo, msomaji. Kabla hajafikisha miaka kumi na saba alikuwa amesoma Ukambani, Nyanza na Ukikuyuni. Lakini Mang'u hakumaliza. Alikuwa na ndugu wadogo waliohitaji kusoma pia, na mshahara wa nyapara ni mshahara wa nyapara. Karo ikashinda baba. Nilipofika hapo niliufunga ule ukurasa kidogo, kwa maana sisi wa shule za kutwa tunajua karo ni nini. Wengi wetu tuko shule ya kutwa kwa sababu ile ya bweni ilishinda mzazi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwaka wa 1948 Mboya alijiunga na chuo cha mabwana afya kilichokuwa Jeanes School, Kabete, kwa sababu huko mwanafunzi hakulipa karo. Wenzake wakamchagua kuwa kiongozi wa wanafunzi. Mwaka wa 1951 akaajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi. Kazi ya bwana afya ni kukagua maduka, hoteli, vyoo na maziwa. Si kazi ya kumpa mtu jina kubwa.

Kuna kisa alichokisimulia katika kitabu alichokiandika mwenyewe mwaka wa 1963. Siku moja alikuwa peke yake ofisini akipima maziwa. Mama mmoja wa Kizungu akaingia na chupa mkononi. Alitazama huku na huku, akamwona Mboya amesimama mbele yake, kisha akauliza kama humo ndani kuna mtu. Mboya naye akamuuliza kama macho yake yana ugonjwa. Mama yule alikasirika si haba. Lakini mimi naona swali lake ndilo lililomfungulia Mboya njia, kwa maana katika Kenya ya siku zile Mwafrika hakuhesabiwa kuwa mtu hata akiwa amesimama mbele ya macho. Isitoshe, bwana afya Mwafrika alilipwa mshahara mdogo kuliko Mzungu wa kazi ile ile.

Hapo ndipo Mboya alipoanza kuwakusanya wenzake. Aliongoza chama cha wafanyakazi Waafrika wa Halmashauri, akakigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa. Jomo Kenyatta na wenzake walikamatwa, na katikati ya mwaka wa 1953 chama cha KAU kilipigwa marufuku. Mwafrika hakuruhusiwa tena kuwa na chama cha siasa cha nchi nzima. Vyama vya wafanyakazi, hata hivyo, havikufungwa. Mwaka huo huo wa 1953, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, Mboya alichaguliwa kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo.

Kazi hiyo haikuwa lelemama. Mwezi wa Aprili 1954 askari waliizingira Nairobi katika msako ulioitwa Anvil. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kizuizini, na miongoni mwao walikuwamo viongozi wengi wa wafanyakazi. Shirikisho la Mboya lilipaza sauti juu ya mateso ya watu hao na jamaa zao wakati ambapo wengi waliogopa hata kunong'ona. Mwezi wa Machi 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya alishuka pwani, akawaomba warudi kazini, kisha akakaa mezani na waajiri na kuwatetea mbele ya msuluhishi. Makuli wakaongezewa mshahara kwa asilimia 33. Ama kweli, hapo watu wakaanza kuulizana kijana huyu ni nani.

Baadaye mwaka huo alikwenda kusoma katika chuo cha Ruskin, mjini Oxford huko Uingereza, akakaa kwa mwaka mmoja. Hakurudi na digrii. Alirudi mwaka wa 1956 na kukuta jambo jipya linasubiriwa. Kwa mara ya kwanza Waafrika wangepiga kura kuwachagua wenzao kuingia Baraza la Kutunga Sheria, lile ambalo watu waliliita Legiko. Kabla ya hapo wajumbe wa Kiafrika waliteuliwa na serikali.

Lakini msomaji, usifikiri ni kura kama hizi za leo. Viti vya Waafrika vilikuwa vinane kwa nchi nzima, na walowezi, wachache vile walivyokuwa, walikuwa na viti kumi na vinne vya kuchaguliwa. Pia si kila Mwafrika aliruhusiwa. Ilibidi uwe na elimu ya kiasi fulani, au mshahara, au mali, au utumishi wa miaka mingi. Aliyekuwa na sifa nyingi alipewa hadi kura tatu, na kabwela asiye na chochote akabaki akitazama. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kwanza wapate cheti cha kuonyesha kwamba ni watiifu kwa serikali. Kwa hivyo wale vibarua ambao Mboya aliwatetea usiku na mchana, wengi wao hawakuweza kumpigia kura.

Tena aliyesimama naye katika kiti cha Nairobi hakuwa mtu mdogo. Alikuwa Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili, ambaye aliwatetea washtakiwa wengi wa Mau Mau mahakamani. Kodhek alikuwa na chama chake cha wilaya ya Nairobi. Alikuwa na elimu, jina na umri. Mboya alikuwa na miaka ishirini na sita, na cheti cha bwana afya. Wote wawili walikuwa Waluo, basi kabila halingeweza kumsaidia yeyote. Watu walijiuliza, kijana huyu anatoka wapi na kwa nini asingojee zamu yake?

Mboya hakungojea. Alikuwa na kitu ambacho Kodhek hakuwa nacho, yaani matawi ya vyama vya wafanyakazi. Makarani, madereva, watu wa reli na wa Halmashauri walimjua kwa kazi aliyokwisha kuwafanyia. Kura zilipohesabiwa mwezi wa Machi 1957, Mboya alishinda kwa tofauti ya kura zisizofika mia nne. Ushindi mwembamba kama uzi! Lakini uzi ule ulitosha kumvuta hadi ndani.

Wale wanane walioingia, wakiwemo Oginga Odinga, Masinde Muliro, Ronald Ngala na Daniel arap Moi, walifanya jambo lililowashangaza wakoloni. Walikataa uwaziri waliotengewa na kudai kwanza viti viongezwe. Mwaka wa 1958 Waafrika wakapata viti kumi na vinne sawa na Wazungu. Mwisho wa mwaka huo Mboya alikuwa mwenyekiti wa mkutano mkubwa wa watu wa Afrika nzima huko Accra, Ghana, akiwa na miaka ishirini na minane tu. Mwaka uliofuata, baada ya kuzunguka Marekani akiomba nafasi za masomo na nauli, ndege ya kwanza iliondoka mwezi wa Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81. Nyingine zikafuata mwaka wa 1960, na katika kundi la mwaka huo alikuwemo msichana kutoka Nyeri ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Wangari Maathai. Mtu aliyekosa karo ya Mang'u alikuwa sasa anawatafutia wengine karo ya chuo kikuu, na hakuwauliza wanatoka kabila gani.

Sasa nafika kwenye jibu la swali la mwalimu wetu. Mwezi wa Februari 1961 kulifanywa uchaguzi mwingine, na safari hii watu wengi zaidi waliruhusiwa kupiga kura. Mboya alikuwa katibu mkuu wa KANU na alisimama Nairobi Mashariki. Wapiga kura wengi wa hapo walikuwa Wakikuyu. Aliyempinga alikuwa Dkt. Munyua Waiyaki, Mkikuyu, daktari msomi mwenye jina la ukoo linaloheshimiwa. Ndani ya KANU yenyewe kulikuwa na wakubwa ambao hawakumtaka Mboya, wakamuunga mkono daktari. Kwa hesabu za watu wa kabila, Mboya alikuwa amekwisha. Mjaluo wa Rusinga, aliyezaliwa shambani kwa Mzungu, hana digrii, anawaomba Wakikuyu wamwache daktari wao wamchukue yeye. Ingekuwa darasa letu, angepata kura nne.

Alipata kura 31,407. Dkt. Waiyaki alipata 2,668.

Nilizisoma tarakimu hizo mara tatu nikidhani zimekosewa chapa. Kumbe wale vibarua walionyimwa kura mwaka wa 1957 hawakusahau. Alikuwa amesema juu yao walipokuwa kizuizini. Alikuwa amewapandisha watoto wao ndege. Alipohutubia alijua kuzungumza nao kwa lugha yao, ile aliyoiokota utotoni kwenye mkonge. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mpenzi msomaji, ningeweza kuishia hapo na hadithi ingekuwa tamu. Lakini mwalimu alituonya kwamba anayeandika maisha ya mtu na kuficha upande mmoja anaandika tangazo. Basi nitasema.

Mwaka wa 1962 Mboya alikuwa Waziri wa Kazi. Mwaka wa 1963 akawa Waziri wa Haki na Mambo ya Katiba, na kuanzia mwisho wa 1964 akashika wizara ya mipango ya uchumi. Akawa mtu wa ndani, tena ndani kabisa. Mwaka wa 1966, katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru, yeye akiwa katibu mkuu ndiye aliyepanga mambo hata Odinga akapoteza cheo cha makamu wa rais wa chama. Odinga akatoka na kuunda KPU. Papo hapo serikali ambayo Mboya alikuwa waziri ndani yake ikatunga sheria kwamba mbunge akihama chama lazima arudi kwa wapiga kura. Mwaka wa 1968 katiba ikabadilishwa tena, na mtu asiye na chama akakatazwa kabisa kugombea ubunge. Marufuku hiyo haikuondoka mpaka katiba mpya ya mwaka wa 2010.

Jambo hili limenisumbua. Mtu aliyeingia Baraza akiwa kijana asiye na chama kikubwa nyuma yake, mbona akakaa katika serikali iliyofunga mlango ule ule? Sina jibu zuri. Nafikiri aliyeko ndani ya nyumba yenye joto husahau upesi baridi ya nje. Wakati huo huo, humo ndani walikuwemo waliomwona yeye mwenyewe kuwa mgeni aliyepanda juu mno. Rais Kenyatta alikuwa amezeeka, na watu walinong'ona kwamba Mboya huenda akamrithi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Siku ya Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, saa saba hivi za mchana, Mboya alitoka katika duka la dawa la Chhani kwenye barabara ya Government, ambayo sasa ni Moi Avenue. Risasi zikalia. Alikufa akiwa na umri wa miaka thelathini na minane, akamwacha mkewe Pamela na watoto. Mtu mmoja, Mkikuyu, alishtakiwa, akahukumiwa na kunyongwa mwaka huo huo. Kama kulikuwa na waliomtuma, hawakuletwa mahakamani hata mmoja.

Lililofuata ndilo linaloniuma zaidi. Wakati wa misa ya wafu kulikuwa na ghasia nje ya kanisa jijini. Gari la rais likapigwa mawe, polisi wakarusha mabomu ya machozi. Mwezi wa Oktoba mwaka ule watu walipigwa risasi na kufa huko Kisumu, na KPU ikapigwa marufuku. Waluo na Wakikuyu wakatazamana kama paka na panya, miaka minane tu baada ya Wakikuyu wa Nairobi Mashariki kumpa Mjaluo kura 31,407. Waliopiga kura zile hawakuwa wamekufa. Walikuwa wale wale, katika mitaa ile ile, ila sasa kila mmoja amerudi nyuma ya kabila lake.

Siku hizi kuna sanamu yake pale Moi Avenue, karibu na mahali alipouawa. Ilizinduliwa mwaka wa 2011. Juzi nilishuka matatu nikasimama mbele yake. Wapita njia walinishangaa, labda walidhani nimepotea. Nilikuwa nafikiria mabishano tunayoyasikia kila mara kuhusu nani anafaa kuwa mbunge, kama lazima awe na digrii, kama lazima awe na pesa, kama lazima awe wa kwetu. Mboya hakuwa na hata moja katika hayo matatu. Alichokuwa nacho ni kazi aliyoifanya kabla ya kuomba kura, na wapiga kura waliokubali kuikumbuka. Nikaona kwamba ile sehemu ya pili ndiyo ngumu. Mtu kama Mboya anaweza kuzaliwa popote, hata darasani mwetu, lakini wakati wa kura asipate mtu wa kumkumbuka.

Muhula ujao tutachagua tena. Yule mvulana wa hesabu bado hatujui kama atasimama, maana alivunjika moyo, na haki yake. Nimekwenda kumwomba asimame. Aliniuliza kura yangu ya kwanza nilimpa nani, nikamwambia ukweli. Alicheka kidogo, kisha akanifungulia daftari lake la hesabu tukaendelea pale tulipoachia.

Wasalaam.